Kulala chali hakushikishi mimba

Mikindani, Mtwara

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza ule nini, na kama ni kweli anavyosema mama mkwe wako, kwamba ukishapandikiziwa kiinitete, yaani yai lililorutubishwa maabara, ulale chali wiki nzima usije ukakidondosha.

Hakidondoki, mama. Kuta za mfuko wa uzazi zimegusana, si chungu chenye nafasi ya kitu kuchezacheza ndani. Tafiti zilizolinganisha waliolazwa na walioinuka wakaenda zao hazikuona faida ya kitanda. Usibishane na mama wa watu. Mwambie daktari ndiye kakataza.

Kipindi cha kujichunga hasa ni kile cha sindano za kukuza mayai. Ovari, vile vifuko vya mayai, huvimba zikawa nzito, na ukikimbia au kuruka kamba, ovari moja yaweza kujinyonga. Hapo ni upasuaji. Zumba yako iache mpaka daktari akuruhusu. Kutembea jioni ruksa, ilimradi uweze kupiga soga huku unatembea.

Chakula cha kunatisha mimba hakuna, na hao wanaouza unga wa mizizi mitandaoni usiwape hata shilingi. Nimekupakilia kwenye basi choroko, mbaazi na korosho zisizo chumvi. Dagaa na changu kula. Papa wa nazi najua unavyompenda, lakini mwache kwanza, kwani samaki wakubwa namna ile hukusanya zebaki mwilini. Mayai yaive, kahawa isizidi vikombe viwili. Na zile pemba unazotafuna ofisini tupa! Udongo huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, nawe damu yako ndogo tangu usichana. Kidonge cha asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, anza sasa, wala usikiruke hata ukila mchicha fungu zima.

Mkwe wangu naye hajasalimika. Mbegu za mwanamume huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa. Mnasema mtaanza msimu wa korosho ukiisha, basi sigara aache leo, na akija huku kusalimia, uraka, ile pombe ya mabibo, asiuguse.

Baada ya kuvunwa mayai, tumbo likijaa ghafla, ukatapika, mkojo ukapungua au pumzi zikabana, usinipigie mimi kwanza. Nenda hospitali usiku huohuo, mimi utanikuta njiani.

Mama yako