Insha kuhusu Brook Watson: isiishie kwa papa

Ndugu, umeuliza kama insha ya mwanao kuhusu Brook Watson itosheke na kisa cha papa. Hapana. Ni kweli, yatima huyu alikuwa na miaka 14 papa alipomnyofoa mguu bandarini Havana, Kuba, mwaka 1749, ukakatwa chini ya goti, na mchoro wa 1778 wa msanii John Singleton Copley umemfanya akumbukwe. Lakini baadaye alikuwa mfanyabiashara tajiri London, mbunge kuanzia 1784, Meya wa jiji 1796. Na bungeni alitetea biashara ya utumwa: ikifutwa, alidai, uvuvi wa Newfoundland (kisiwa cha Kanada ya leo) utaanguka, kwa kuwa watumwa wa Karibi ndio waliolishwa samaki duni wasiofaa kwa mlaji mwingine. Inauma kusoma. Hapo ndipo mwanao aandike kwa kirefu. Papa apewe sentensi mbili.