Maswali ya wasomaji: Mspania wa simfoni ya chuma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha kwaya huku Iringa. Kuna jamaa kanitumia wasapu muziki wa okestra unaitwa Steel Symphony, nikasikiliza kama dakika moja hivi naona watu bado wanatyuni vyombo, kila mtu anapiga lake, nikazima. Jamaa anasema mtunzi ni Mspania na ni mtu mkubwa. Ni nani huyo, na huo ni muziki kweli?

JIBU: Marahaba mwalimu mwenzangu. Umezima mapema! Huyo ni Leonardo Balada, mzaliwa wa Barcelona, 22 Septemba 1933, na hicho ulichodhani ni watu wanatyuni ndo simfoni yenyewe ilikuwa imeshaanza. Sikiliza tena na hedifoni. Kwanza ni ile hali tunayoijua wote, kama wapiga taarabu wanavyokaza nyuzi kabla shoo haijaanza, huyu anajaribu hiki yule anajaribu kile, afu taratibu ile vurugu inaanza kushikana, mpigo unaingia, tarumbeta na tromboni zinanguruma, ngoma na vyuma vinagongwa, mara unajikuta umesimama katikati ya kiwanda cha kuyeyushia chuma na mashine zote zimewashwa. Na hakuna sauti ya mashine iliyorekodiwa humo, ni okestra ya kawaida tu, vayolini na wenzake. Hilo mimi kila nikisikiliza linanisisimua.

Aliitunga 1972 akiwa Pittsburgh, Marekani, ambao ni mji wa chuma hasa, na viwandani aliingia mwenyewe akasikiliza. Alifika New York 1956 baada ya kusoma muziki kwao Barcelona, akamaliza Juilliard, chuo cha muziki cha hapohapo New York, 1960, akafundishwa na watunzi wa Kimarekani kama Aaron Copland na Vincent Persichetti. Halafu kuanzia 1970 akawa mwalimu wa utunzi chuo cha Carnegie Mellon hapohapo Pittsburgh, akakaa miaka na miaka.

Sasa usije ukafikiri alikuwa anapenda kelele kwa ajili ya kelele. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania ilipoanza 1936 huyu hajatimiza hata miaka 3, na Barcelona ilipigwa mabomu sana. Mtoto aliyekulia humo ukimwambia aandike melodi tamu tu za kubembeleza atakuwa anakudanganya. Ndo maana 1966 akatunga Guernica, kutokana na ile picha ya mchoraji Picasso yenye jina hilohilo, kuhusu mji wa Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania, uliolipuliwa na ndege Aprili 1937, na baadaye sana akarudi tena kwenye vita hiyohiyo na simfoni yake ya sita ambayo ni ya kuwalilia wasio na hatia waliokufa.

Na kuna moja inatuhusu sisi kabisa, sijui kwa nini haitajwi tajwi huku kwetu. 1968, mwaka aliouawa Martin Luther King, Balada akatunga Sinfonía en Negro kwa heshima yake, yaani Simfoni ya Weusi. Ni safari ya Mwafrika aliyechukuliwa utumwani, kuna kuonewa, kuna minyororo, hadi ushindi. Mspania anakaa chini anaandika historia yetu kwa okestra nzima, na ndiyo aliyoipa namba moja kwenye simfoni zake. Mimi naona hiyo ilistahili kupigwa Dar na Nairobi zamani sana.

SWALI: Mwalimu, binti yangu wa form three anasema anataka kuwa mtunzi wa muziki wa okestra. Baba yake kakataa kata kata anasema atakufa njaa. Nimwambieje?

JIBU: Pole mama, naelewa hofu ya mzee. Mwambie hivi, huyo Balada niliyemwelezea hapo juu hakuishi kwa kutunga peke yake. Kabla ya chuo alifundisha shule ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa pale New York, kisha ndo Carnegie Mellon. Mchana darasani, kazi zake zinaandikwa huku anafundisha, na hazikuwa ndogo, opera yake (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) Cristóbal Colón ilifunguliwa Liceu, jumba la opera la Barcelona, 1989, waimbaji maarufu José Carreras akiwa Kolumbasi na Montserrat Caballé akiwa malkia Isabela. Kwa hiyo binti asome ualimu wa muziki na utunzi pamoja, na aanze sasa hivi kuandikia watu walio karibu yake, hata kama ni kwaya ya sauti nne na kinanda kimoja, bora asikie kwa masikio yake alichoandika kinavyotoka.

Na wewe mwalimu wa Iringa, kama chuma bado kizito, tafuta ile ya Balada ya 1975 ya kumuenzi Pablo Casals, mpiga cello (ile kama vayolini kubwa) maarufu. Ndani kuna wimbo wa Krismasi wa Kikatalani, yaani wa watu wa upande wa Barcelona, unaitwa wimbo wa ndege, aliokuwa akiupiga Casals kwenye cello akiwa uhamishoni. Balada kaupitisha kwenye ukungu wa sauti, unausikia unapotea, unarudi. Wanakwaya wako wataudaka hata kabla hujawaambia ni upi.