Maswali na majibu: Mambo ambayo Mtume (S.A.W.) aliyanyamazia

Maswali ya safari hii yametoka sehemu mbalimbali lakini yanagusa jambo moja: hukumu gani inafuatwa pale ambapo hakuna aya wala hadithi iliyotamka waziwazi.

Swali (Tanga): Asalaam aleikum mashekhe. Kurani inasema dini imekamilika (Maida, aya ya 3). Mbona basi mambo mengi hayakutajwa? Yalisahauliwa?

Jibu: Waaleikumu salaam. Tuanze na Hija. Mtume alipowatangazia watu kwamba Hija imefaradhishwa, mtu mmoja aliuliza: kila mwaka? Mtume akanyamaza. Yule bwana alirudia hadi mara ya tatu, ndipo akaambiwa kwamba lau jibu lingekuwa "ndiyo" ingekuwa wajibu, na wasingeiweza. Kisha Mtume akawaambia wamwache maadamu yeye amewaacha, yaani wasimuulize asichokisema (Muslim, mkusanyo wa hadithi sahihi). Angejibu "ndiyo" mara ya kwanza, sote tungekuwa na deni la Makka kila mwaka. Katika Bukhari (mkusanyo mwingine kama huo) na Muslim imo pia hadithi kwamba mwenye kosa kubwa zaidi kwa Waislamu ni yule anayeuliza jambo lisiloharamishwa, likaharamishwa kwa sababu ya swali lake. Aya ya 101 ya Maida inakataza maswali ya aina hiyo, na kisa cha ng'ombe katika Bakara (67 hadi 71) kinaonyesha mwisho wake: Bani Israili waliambiwa wachinje ng'ombe, yeyote angetosha, wakauliza umri, wakauliza rangi, wakauliza sifa, hadi nusura wamkose.

Hadithi inayosomwa zaidi katika mada hii ni ile iliyopokewa na Daraqutni, mkusanyaji wa hadithi, kwamba Mwenyezi Mungu amenyamazia mambo kwa huruma, si kwa kusahau. Nawawi ameiweka ya 30 katika Arubaini zake (mkusanyo wake mashuhuri wa hadithi) na kuihesabu hasan, yaani nzuri, chini kidogo ya sahihi. Ibn Rajab, aliyeisherehesha, ameonyesha kasoro katika sanad (mlolongo wa wapokezi): haikuthibiti kwamba mpokezi Makhul alisikia kwa sahaba Abu Thaalaba. Maana yake ina mashahidi wengine, lakini usiisimamishe peke yake kuwa hoja.

Hata hivyo, tusipambe mambo. Si kila ukimya uliwaridhisha masahaba. Umar bin Khattab alisema juu ya mimbari kwamba yako mambo matatu aliyotamani Mtume asingewaacha kabla ya kuwabainishia: babu katika mirathi, kalala (anayekufa bila mzazi wala mtoto), na baadhi ya milango ya riba (Bukhari na Muslim). Huyu ni khalifa, mbele ya watu walioishi na Mtume. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kila kitu kiko wazi, ukitafuta tu, anadai zaidi ya alivyodai Umar.

Swali (Mombasa): Ndugu yetu amefariki. Hakuoa, hakuzaa, wazazi walitangulia na bibi zetu pia. Babu mzaa baba yu hai, na tuko ndugu watatu wa kiume wa baba na mama mmoja. Shekhe mmoja anasema babu achukue zote, mwingine anasema tugawane. Nani mkweli?

Jibu: Wote wawili wana asili, na hili ndilo lile "babu" la Umar. Kurani imetaja fungu la baba (Nisaa 11) na mafungu ya ndugu (Nisaa 12 na 176). Babu akikutana na ndugu, hakuna aya. Abu Bakar alimfanya babu kama baba, na baba huwazuia ndugu wote. Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi, akamfuata. Sahaba Zaid bin Thabit aliwagawia pamoja, na njia yake ndiyo ya maimamu wa madhehebu mengine matatu: Malik, Shafi na Ahmad.

Chukua mfano wa shilingi 9,000,000 zilizobaki baada ya mazishi, madeni na wasia. Kwa Hanafi, babu anachukua zote 9,000,000. Kwa Shafi, babu anapewa lililo bora kwake kati ya mawili: kugawana kama ndugu mmojawapo, au theluthi ya mali. Mkigawana mko wanne, kila mmoja atapata 2,250,000. Theluthi ni 3,000,000. Basi babu anachukua 3,000,000 na ninyi kila mmoja 2,000,000. Kosa tunaloliona mara nyingi ni watu kugawa robo robo kwa kuwa wamesikia "babu ni kama ndugu", wakasahau theluthi. Ndugu angekuwa mmoja, babu angepata nusu. Wangekuwa wawili, njia zote mbili zingempa theluthi. Dada huhesabiwa nusu ya kaka. Na kama marehemu ameacha mke, hesabu inabadilika: mke huchukua fungu lake kwanza, kisha babu huangaliwa lililo bora kati ya matatu, yaani kugawana, theluthi ya kilichobaki, au sudusi (moja ya sita) ya mali yote.

Makadhi wa pwani yetu kwa kawaida huhukumu kwa Shafi. Nendeni kwa kadhi kabla ya kuhesabu pesa. Familia inayochagua madhehebu baada ya kuona kila mmoja atapata ngapi haifuati madhehebu yoyote.

Swali (Dar es Salaam): Mwanachuoni akikosa aya na hadithi, anafanya nini hasa? Au ni rai yake tu?

Jibu: Kwanza huangalia kama yapo maafikiano ya wanazuoni (ijmai). Yakikosekana, huenda kwenye kiyasi (kulinganisha lisilotajwa na lililotajwa), na kiyasi kina nguzo nne: asili iliyotajwa, tawi lisilotajwa, sababu inayoyaunganisha, na hukumu. Mfano wake unatukuta kila wiki. Aya ya 9 ya Suratul Jumua inaamrisha kuacha biashara inapoadhiniwa Ijumaa. Iliyotajwa ni kuuza. Kupangisha nyumba hakukutajwa, wala kusaini mkataba wa kazi, wala kuagiza bidhaa kwa simu ukiwa barazani msikitini. Sababu ya katazo ni kushughulishwa na sala, nayo imo katika yote hayo, basi hukumu inahama.

Kazi ngumu ni kuijua sababu. Haitoshi kuona hekima. Msafiri ameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani, na hekima yake ni tabu ya safari. Mtu atasema: mpagazi wa Kariakoo anataabika kuliko abiria wa ndege ya Mwanza, naye ale. Kiyasi hicho hakisimami, kwa kuwa sababu iliyofungamana na hukumu ni safari yenyewe, kitu kinachopimika. Kwa Shafi ni kama kilomita 80 na ushei. Tabu haina kipimo: kila mmoja angejipimia yake. Mpagazi ana mlango mwingine, wa dharura: anatia nia usiku, anaanza siku akiwa amefunga, na akifikia hali asiyoiweza anafungua kisha analipa. Matokeo yanafanana na ya msafiri, lakini huyu haruhusiwi kuamka akala chai kabla hata ya kwenda kazini.

Wako pia waliokataa kiyasi chote. Ibn Hazm na wenzake wa madhehebu ya Dhahiri, wanaoshika maneno kama yalivyo, walisema kisichotamkwa kimeachwa, basi.

Swali (Mbeya): Mahindi na mchele havikutajwa katika hadithi ya riba. Naweza kubadilisha kilo moja ya mchele mzuri kwa kilo mbili za mchele wa chenga?

Jibu: Hadithi ya sahaba Ubada (Muslim) imetaja vitu sita ambavyo havibadilishwi jinsi moja kwa jinsi hiyohiyo ila sawa kwa sawa: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Mahindi yasingeweza kutajwa kwa watu wa Madina. Yalitoka bara la Amerika karne nyingi baadaye. Kwa Shafi, vinne vya mwisho vimeunganishwa na kuwa chakula, kwa hiyo mchele na mahindi vimo. Kwa Hanafi ni kipimo cha ujazo au uzani pamoja na kuwa jinsi moja: mchele umo, na chuma kinachouzwa kwa kilo nacho kimo, ambacho kwa Shafi hakimo. Kwa Malik ni chakula kikuu kinachowekeka. Ibn Hazm alibaki na sita zake.

Kwa hiyo madhehebu manne yanakukatalia. Mtume mwenyewe aliwaonyesha njia watu wa tende za Khaybar: uza zile duni kwa pesa, kisha kwa pesa hizo nunua nzuri. Mauzo yawe mawili ya kweli, pesa ishikwe mkononi. Ama noti za leo, ambazo nazo hazikutajwa, Baraza la Fikihi la Kiislamu la Jeddah liliamua mwaka 1986 kwamba ni sarafu kamili, zina riba na zina zaka.

Swali (Nairobi): Miraa je? Haikuwepo zama za Mtume.

Jibu: Ibn Hajar al-Haytami, tegemeo la Mashafi wengi, aliandika risala nzima kuhusu miraa (mirungi) katika karne ya 16, kwa kuwa taarifa kutoka Yemen zilipingana: hawa wanasema inalevya na kudhuru, hawa wanakana. Hakuthubutu kuiharamisha moja kwa moja; alisema iepukwe kwa sababu ya shubuha (shaka). Wa leo wengi wameharamisha kwa hoja ya madhara na kupoteza mali. Tanzania ni kosa la jinai, Kenya ni zao halali. Hoja ya fikihi haikutoi mahabusu, ukivuka Namanga kumbuka hilo.

Swali (Lamu): Tunaambiwa Maulidi ni haramu kwa sababu Mtume hakuyafanya. Je, kila asichokifanya hakifai?

Jibu: Hapana, hoja hiyo ikiachwa hivyo ni pungufu. Mtume aliacha kula kenge wa jangwani aliyewekwa mbele yake, akasema hayupo katika nchi ya watu wake na nafsi yake haimpendi. Khalid bin Walid akamla papo hapo, Mtume akitazama. Aliacha kuswalisha tarawehe msikitini kila usiku kwa kuhofia isifaradhishwe. Baada ya kifo cha Mtume, kufuatia vita vya Yamama, Zaid bin Thabit aliambiwa akusanye Kurani, akashangaa: vipi mtafanya jambo ambalo Mtume hakulifanya? Na akalifanya.

Lakini alisalisha Idi bila adhana wala ikama (Muslim), na hapo hakuna anayeruhusu kuongeza adhana. Tofauti iko katika maswali mawili. Je, haja ya jambo hilo ilikuwepo wakati wake? Na je, palikuwa na kizuizi? Haja ya kuwaita watu kwenye Idi ilikuwepo, kizuizi hapakuwa, na bado hakuadhini: kuacha huko ni mafunzo. Tarawehe ilikuwa na kizuizi, nacho kiliondoka alipofariki. Kwenye Maulidi wanazuoni hutengana papo hapo. Wapingaji, kama al-Fakihani, huona mapenzi ya Mtume yalikuwepo na masahaba hawakusherehekea. Watetezi, kama Suyuti, huona ni mkusanyiko wa mambo yaliyoruhusiwa tayari: kusoma, kusalia Mtume, kulisha watu. Kwa maoni yetu suala zima liko kwenye kama siku hiyo inaitakidiwa kuwa ibada maalumu au la, na hilo hamulioni likijadiliwa kwenye vipaza sauti.

Swali (Zanzibar): Pombe ilikatazwa. Kwa nini utumwa usikatazwe waziwazi?

Jibu: Utumwa haukunyamaziwa. Ulisemewa sana: kuacha huru mtumwa ni kafara ya kuua kwa kukosea (Nisaa 92), ya kiapo (Maida 89) na ya dhihari, yaani mume kumfananisha mkewe na mama yake (Mujadila 3), mtumwa anayetaka kujinunua aandikiwe mkataba (Nuur 33), na fungu la zaka limetengwa kwa ajili ya kukomboa (Tawba 60). Lakini aya inayoufuta haipo. Wanaoandika kwamba Uislamu uliufuta utumwa wanasema kisichoandikwa, na anayesema Uislamu haukujali hajasoma hizo aya tano.

Ufafanuzi wa kawaida ni kwamba milango ya kutokea ilipanuliwa na ya kuingilia ikabanwa, katika dunia ambapo mateka wa kila jeshi walifanywa watumwa. Una nguvu, lakini haumalizi swali, maana kilichofuata kinajulikana hapohapo ulipo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alibanwa na Waingereza kuutia saini, hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa 1897. Tanganyika ni 1922, Saudi Arabia 1962, Oman 1970. Wengi wa waliotekwa bara na kuletwa pwani hawakuwa mateka wa vita vyovyote ambavyo fikihi inavitambua. Hata kwa vitabu vya zama hizo biashara ile ilikuwa batili. Ukimya wa aibu, kama upo, ni wa waliovijua vitabu hivyo wakanyamaza.

Swali (Dodoma): Sindano na vidonge vya uzazi wa mpango vina hukumu gani?

Jibu: Sahaba Jabir alisema walikuwa wakifanya azli (kumwaga nje) huku Kurani ikiteremka, na hawakukatazwa (Bukhari na Muslim). Ipo pia hadithi ya Judama, katika Muslim, inayoiita kuzika kwa siri, kwa hiyo wengi husema inaruhusiwa lakini ni makuruhu (bora iachwe); Ghazali aliijuzisha hata kwa kuhofia wingi wa mahitaji ya watoto. Vidonge, sindano na kondomu hulinganishwa nayo, kwa sharti mume na mke wakubaliane na daktari aseme hakuna madhara kwa mama. Kufunga kizazi moja kwa moja ni suala jingine. Azli huachwa leo na mimba ikaingia mwezi ujao. Aliyekata mirija hana marejeo ya uhakika, basi kiyasi kinakatikia hapo. Huruhusiwa pale daktari mwaminifu anapothibitisha kwamba mimba nyingine inahatarisha maisha ya mama.