Mume wangu ananiita shabiki maandazi mbele ya watu

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Mbagala na ninauza chakula karibu na stendi. Nilianza kuipenda Simba mwaka 2019. Mume wangu ni Simba wa kuzaliwa, kwao nyumba nzima ni nyekundu. Yanga walipotufunga 5-1 Novemba 2023 alivua jezi akaitupa juu ya kabati, akasema mpira wa Bongo basi, akahamia ligi ya Uingereza. Mimi niliendelea. Nikipata hela ya tiketi ya mzunguko, vile viti vya bei ndogo, naenda uwanjani kwa Mkapa, nikikosa nasikiliza redioni huku napika. Mei 2025 tulipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane ya Morocco, akanunua jezi mpya na kurudi kijiweni kwa kishindo. Siku moja nimewapelekea chai, nikawakuta wanabishana kuhusu kiungo, na mimi nikatia neno. Akaniambia mbele ya wenzake: 'Wewe Simba umeanza lini? Umeikuta timu inachukua makombe. Shabiki maandazi wewe.' Wakacheka wote. Tangu siku hiyo jezi sijaivaa na uwanjani sijakanyaga. Shangazi, ana haki? Shabiki wa kweli ni yupi?"
Mama Wawili, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote ujue unaongea na nani: mimi ni Yanga, mnazi wa Jangwani, na sina sababu yoyote ya kuipamba Simba yenu. Lakini barua yako imeniuma, maana anayekudharau ni mtu wa timu yako, tena wa ndani ya nyumba yako.

Hana haki. Nitakueleza kwa nini, halafu tuzungumze kuhusu ndoa, kwa sababu naona kwenye barua yako mambo hayo mawili yameshikana.

Anakuita shabiki maandazi, yaani si shabiki wa kweli, eti kwa sababu umeikuta timu inachukua makombe. Ni kweli, mwaka 2019 Simba ilikuwa katikati ya ile misimu minne ya ubingwa mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Lakini mwaka huohuo, Januari, Simba ilikwenda Kinshasa ikapigwa 5-0 na AS Vita. Wiki mbili baadaye ikaenda Misri, Al Ahly nao wakaipiga 5-0. Mabao kumi katika safari mbili! Sisi watani furaha ilitunyima usingizi. Siku kumi tu baada ya kipigo cha Misri, Al Ahly wakaja Dar es Salaam, na mimi niliyekuwa nasubiri kuona viti vitupu niliona watu wamejaa, wamevaa nyekundu, wanaimba kama hakuna lililotokea. Meddie Kagere akafunga, 1-0. Mwezi Machi Vita nao wakaja, Simba ikihitaji ushindi ili ivuke, na Clatous Chama akafunga bao la pili mechi ikiwa inakaribia kwisha. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Sasa wewe uliyeingia mwaka huo hukukaribishwa na makombe peke yake. Umeingia klabu ambayo mashabiki wake walirudi uwanjani wakiwa bado wana majeraha, na kwa unavyonieleza, wewe ndiye uliyeshika mwendo huo.

Na hata kama ungekuja kwa ajili ya makombe matupu, tatizo liko wapi? Kila mtu ana mlango alioingilia. Mume wako aliingizwa na wazazi wake kabla hajajua kusema baba, kama mimi nilivyoingizwa na mjomba. Hatukuchagua, tumekuta. Ni urithi mzuri, ninauheshimu sana, lakini kuupokea hakujamtoa jasho hata kidogo. Jasho linakuja baadaye.

Linakuja siku ya pili baada ya kufungwa. Kipimo changu ni hicho, mwanangu, na sijaona kingine kinachokishinda. Ile 5-1 ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Novemba 2023. Jumatatu asubuhi nilikuwa Kariakoo, mtaa wa Msimbazi. Kuna kijana alikuwa anasukuma mkokoteni umejaa magunia ya vitunguu, kavaa jezi nyekundu, ya zamani, shingo imelegea na namba ya mgongoni imebanduka nusu. Kila hatua chache mtu anamnyooshea mkono, vidole vitano. Makondakta wanamtajia "mkono! mkono!" Wauza viatu wanamfuata kwa nyuma. Yule kijana alikuwa anacheka kidogo, anainamisha kichwa, anasukuma. Alifika kwenye kona, akasimama kupumzika, mtani mmoja akamletea maji na bado akamwonyesha vidole vitano. Akayapokea maji, akanywa, akaendelea na safari yake. Angeweza kabisa kutoka nyumbani na shati lingine. Mimi ni Yanga na siku ile nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza, lakini nilimheshimu kijana yule kuliko wenzangu wengi waliokuwa wanapiga kelele barabarani.

Tena hao wenzangu nawajua. Mei 2012 Simba walitufunga 5-0, na kwa miaka kumi na moja tukawa tunaonyeshwa vidole kwenye daladala, msibani, harusini. Wapo waliohama kimyakimya, wakawa "sishabikii sana mpira wa nyumbani". Msimu wa 2018/19 klabu yetu ilikuwa haina fedha, mishahara inachelewa, hadi kocha Mwinyi Zahera akawa anahimiza watu wachange. Wengine hawakuonekana. Lakini nilishuhudia mama muuza samaki wa Feri akituma shilingi elfu mbili kwa simu, mikono bado ina magamba, anamwomba binti yake ambonyezee namba. Yanga ilipoanza kuchukua ubingwa tena mwaka 2022, ikachukua na 2023, 2024 na 2025, mitaa ikajaa kijani na njano, na waliopotea wakarudi wakiwa na sauti kubwa kuliko wote. Tuliwapokea. Klabu ni ya watu, haifungi mlango. Lakini hakuna hata mmoja wao mwenye kibali cha kumuuliza yule mama wa Feri ameanza lini.

Naona umenielewa ninakoelekea.

Nisimwonee mume wako. Kuumia na kukaa pembeni si dhambi. Mtu anaweza kuumizwa na timu hadi asitake kuisikia, na wanaume wetu wengi hawana mahali pengine pa kulilia. Mwingine anakaa pembeni kwa sababu hana nauli, ana mgonjwa, ana zamu ya usiku. Kukosa uwanjani hakumfanyi mtu bendera fuata upepo. Wala kuilaumu timu si usaliti: anayemzomea kocha dakika ya 70 na wiki ijayo akarudi kukata tiketi, huyo ndiye shabiki mwenyewe. Hata kurudi siku ya fainali baada ya kupotea mwaka mmoja na nusu, mimi sina neno, karibu nyumbani. Alichokosea ni kurudi na kumtoa kwenye kiti aliyekaa muda wote wa dhiki. Na nadhani anajua. Alipokuona na birika la chai unazungumza habari za kiungo, alijua kwamba mechi ambazo yeye hakuziona wewe umeziona. Aliona aibu, akaitupa kwako.

Kuna na lingine ambalo hukulisema wazi. Wale wanaume wasingecheka kama lile neno lako kuhusu kiungo lingetoka kwa kijana wa kiume wa miaka 18. Walicheka kwa sababu aliyelisema ni mwanamke. Hapa Dar bado tunao watu wanaoamini mwanamke aliyevaa jezi amevaa pambo, na wanampima kwa maswali ya mtihani: taja kikosi cha 1993, taja nani alikuwa kocha. Mwanangu, wengi wa wanaouliza hivyo wamesimuliwa tu. Simba ilipofungwa 2-0 hapahapa nyumbani na Stella Abidjan kwenye fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, nusu ya kijiwe hicho walikuwa bado hawajazaliwa. Kujua historia ni vizuri, nami nakushauri uijue, inaongeza utamu. Lakini mtu anaweza kukariri kila kitu na asiende hata mechi moja ya mvua dhidi ya timu ya mkia. Tena waambie wakaangalie Simba Queens, wasichana waliofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika mwaka 2022. Hao mashujaa wa kijiweni walikwenda kuwaona mara ngapi?

Usichanganye pia shabiki na mchezaji, kwa sababu najua utaletewa hoja hiyo. Chama yuleyule aliyewapeleka robo fainali alisaini Yanga mwaka 2024. Mimi nilimpokea kwa mikono miwili, wenzako wakalia. Lakini yule alikuwa kazini, ana mkataba, ana familia ya kulisha, akipata ofa nzuri anakwenda. Wewe hulipwi. Unatoa hela ya maandazi ya asubuhi unakata tiketi, unakaa juani, unarudi Mbagala usiku umesimama kwenye gari. Ndiyo maana kubaki kwako kuna uzito wake. Nenda hata Tanga ukaone: Coastal Union walichukua ubingwa mwaka 1988, na bado kuna wazee wanakwenda Mkwakwani wakiwa na kofia zao. Hao sijui nani atawauliza wameanza lini.

Sasa tuje nyumbani.

Usimjibu kijiweni. Usimkumbushe 5-1 mbele ya wenzake ingawa ulimi unakuwasha, maana hapo mtakuwa mnashindana kuaibishana na watoto wanasikia. Chagua jioni ambayo hakuna mechi, mmeshakula, watoto wamelala. Mwambie kwa jina unalomwitia mkiwa wawili. Mwambie hivi: "Siku ile ya chai uliniumiza. Si kwa sababu ya Simba, ni kwa sababu ulinicheka na watu." Halafu nyamaza. Usiongeze lawama za zamani, za mawifi wala za hela ya kodi. Mwache aseme. Huenda akajitetea kwamba ni utani wa mpira. Utani tunaujua sisi sote, ndio unaotuunganisha mji mzima, lakini utani ni kati ya Simba na Yanga. Kumdhalilisha mkeo mbele ya wanaume wenzio hakujawahi kuwa utani, na unaweza kumwambia kwamba Shangazi amesema hivyo.

Muulize pia ile siku ya Novemba ilimfanya nini. Ninasema hili kwa dhati. Inawezekana hakuna aliyemuuliza. Kazini kwake walimfanyaje? Alikula? Wewe ulibaki na timu, yeye alibaki na kidonda, na mmekuwa mnashabikia klabu moja kila mtu chumba chake. Fainali yenyewe mlifungwa 2-0 kule Berkane, mkatoka 1-1 Zanzibar, kombe likaenda Morocco. Mmeumia wote wawili usiku uleule, ndani ya nyumba moja, na nina hakika hamkuzungumza.

Akiomba radhi, pokea, usimtese. Kisha mwombe mwende pamoja mechi ndogo, si ya watani, si ya kimataifa. Mechi ya katikati ya wiki ambayo hakuna anayeijadili. Kateni mzunguko, kaeni, mtazame timu ikicheza ovyo au vizuri. Mtoto mkubwa mchukueni kama ana umri wa kukaa dakika tisini. Akigoma kuomba radhi, au akarudia kukucheka mbele ya watu, basi tatizo si mpira tena, na hapo utafute mtu mzima anayemheshimu, baba mdogo wake au mshenga wenu, aseme naye kabla halijawa kubwa.

Lakini lako wewe lisisubiri lake. Kama kuna tawi la Simba jirani, jiandikishe, ukae na wanaokwenda. Jezi itoe leo uifue. Mechi ya nyumbani itakayofuata nenda, na mwambie mapema kwamba unakwenda, ili ajue siku hiyo chakula cha watoto ni chake.