Jibu: Mtoto anawashwa kichwa na nywele zinanyonyoka kwa mabaka
Pole sana, ndugu. Kwa mtoto wa miaka 6 mwenye muwasho na mabaka ya magamba kichwani, mimi ningeshuku kwanza mapunye, yaani fangasi wa kichwani. Na hapa wengi wanapoteza muda kwa krimu: fangasi hawa huingia ndani ya unywele wenyewe, kwa hiyo kinachowaondoa ni dawa ya kumeza, kama griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa. Dozi aipange daktari kwa uzito wa mtoto. Chanuo, taulo na kofia msichangie.

Mba nayo huwasha, ila ni nadra kuacha mabaka. Baka laini lisilo na magamba huenda ni kinga ya mwili inashambulia mashina ya nywele. Kama anasukwa kwa kukazwa, fumueni.

Akitoka uvimbe wenye usaha, tafadhali mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kovu likibaki, nywele hazioti tena pale.