Usipige vipande vya sekunde mbili: mwache msanii aimbe wimbo mzima kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema una siku moja ya kushuti video ya muziki, kamera moja, wimbo wa taratibu wa dakika 4, na mpango wako ni kuokota vipande vya sekunde 2 au 3 kila kona ili ukifika kwenye kompyuta ukate kila biti (pigo la mdundo) inapogonga. Umeuliza na habari za lenzi, rangi na slo-mosheni (picha za mwendo wa polepole). Hayo yatasubiri. Mpango huo wa vipande ndio ulioniangusha mimi, na nilipousoma tumbo limenikata.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya dada mmoja aliyemwimbia mama yake marehemu. Biti 72 kwa dakika, kinanda na sauti yake tu, ngoma zinaingia kwenye kiitikio cha pili. Wiki hiyo nilikuwa nimekesha na masomo ya bwana mmoja wa mtandaoni aliyehubiri kwamba picha ikizidi sekunde 3 mtazamaji anakimbia, kamera isitulie kamwe, na chochote kikiharibika "edit itanyoosha". Nikayabeba yote kama yalivyo. Siku nzima ikawa mstari mmoja, kata. Hamia dirishani, mstari mmoja, kata. Zunguka na kamera mgongoni kwake, kata. Hakuna pembe hata moja ambayo dada yule aliimba ubeti mzima.

Usiku wa kuedit ndipo nilipojua nimefanya nini. Biti 72 kwa dakika 4 ni biti 288, na kwa fremu 25 kwa sekunde (fremu ni zile picha moja moja zinazounda video) kila biti inakula fremu 21 hivi. Nikawa nakata karibu kila biti, si kwa sababu wimbo ulitaka, bali sikuwa na klipu ya kunivusha hadi biti inayofuata. Kuna mahali anavuta neno moja kwa sekunde 6 hivi. Mimi nikamkata mara 7 ndani ya pumzi moja! Sauti inakwambia tulia usikilize, picha inakukimbiza. Jicho linataka kutua usoni, uso umeshaondoka.

Kilichoniuma zaidi ni klipu moja ya ubeti wa pili. Anamtaja mama, anafumba macho, anameza mate, anafumbua, na ukingo wa jicho la kushoto umeanza kung'aa. Hapo hapo inasikika sauti yangu mwenyewe: "Kata!" Niliirudia klipu ile sijui mara ngapi, nikitafuta hata fremu 10 zaidi. Hazikuwepo. Hakuna programu inayoweza kumaliza chozi ulilolikatiza.

Nilipompelekea kazi, aliitazama mara moja, akafunga kompyuta taratibu, akasema, "Kaka, mimi simo humu." Nilirudisha nusu ya malipo na kugharamia siku ya pili ya kushuti kutoka mfukoni. Yule bwana wa masomo bado anafundisha hayo hayo, na bado nikimwona damu inachemka, kwa sababu anayelipa hasara si yeye. Kumwacha mtu aimbe mpaka amalize hakuhitaji bajeti.

Siku ya pili kamera ilikaa kwenye stendi. Wimbo mzima kutoka mbali, wimbo mzima kuanzia kiunoni kwenda juu, wimbo mzima usoni, bila kusimamisha plebeki (wimbo uliorekodiwa anaoufuata akiimba) hata alipokosea maneno. Mara ya tatu, uso peke yake, alisahau kama tupo. Kwenye video ya mwisho ubeti ule wa pili una sekunde 40 hivi bila mkato wowote. Mkato unaofuata unakuja ngoma zinapoingia, na watu huniuliza nilifanya nini ngoma zisikike nzito vile. Sikuigusa sauti. Mkato nao ni pigo la ngoma; ukiupiga kila biti, sikio na jicho huuzoea, na siku unapouhitaji haugongi. Wakati mwingine ninakata anapovuta pumzi kabla ya mstari, si juu ya biti, na inakaa vizuri zaidi, maana mwili wa mtazamaji unavuta pumzi naye.

Ukinibishia kwamba uso mmoja unachosha, tazama video ya Sinéad O'Connor ya "Nothing Compares 2 U" ya mwaka 1990, iliyoongozwa na John Maybury. Sehemu kubwa ni uso wake tu, picha ya karibu, na vipande vichache akitembea bustanini karibu na Paris. Machozi yale yalikuwa ya kweli; alieleza mwenyewe kwamba alimkumbuka mama yake aliyefariki. Fikiria dairekta angepaza sauti "kata" sekunde ya 3.

Kwa hiyo siku yako moja, igawe hivi: saa za kwanza, kabla msanii hajachoka, wimbo mzima usipungue mara tatu. Vipande vya mikono, viatu na mandhari vije baadaye, hata jua likikuwahi si msiba.

Slo-mosheni kwa haraka: ukitaka midomo ilingane na maneno, piga kwa fremu 50 kwa sekunde, plebeki iende kasi mara mbili, msanii aimbe kwa kasi hiyo, kisha punguza picha kwa nusu. Mjulishe mapema afanye mazoezi, ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Na hata hiyo, aipige kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Lenzi nitarudi. Kwanza nijibu: ni mstari gani wa wimbo unaomtetemesha msanii wako mwenyewe akiuimba? Kama hujui, mpigie leo umuulize.