Wakili Hayes aliupataje umeja?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba Rutherford B. Hayes, rais wa 19 wa Marekani, alikuwa wakili tu, kisha mwaka 1861, vita kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini ya nchi hiyo vilipoanza, akaingia jeshi la Kaskazini moja kwa moja na cheo cha meja. Ni kujuana au?

JIBU: Marahaba. Kujuana kulikuwepo, sikufichi. Vikosi vya kujitolea viliundwa na majimbo, na magavana ndio waliogawa vyeo. Mtu mwenye jina mjini alitangulia. Hayes, mwenye miaka 38, alikuwa ametoka tu kwenye kazi ya mwanasheria wa mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio.

Ila jina lenyewe alilitolea jasho. Alipofika Cincinnati wateja walikuwa wa kuhesabu, akawa analala humo humo ofisini kubana matumizi. Kilichomtoa ni kesi ya Nancy Farrer, mtumishi wa nyumbani aliyeshitakiwa kuua kwa sumu. Mahakama ilimpa Hayes amtetee. Akadai mteja wake hana akili timamu. Hawakumsikia, Nancy akahukumiwa kunyongwa. Hayes hakufunga jalada. Alikwenda hadi Mahakama Kuu ya Ohio, na mwishowe Nancy akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Jeshini nako alianza na mdomo. Gwaride lilikuwa na mwenyewe, Kanali William Rosecrans, mhitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point. Lakini askari wa Kikosi cha 23 cha Ohio walipopewa bunduki kuukuu wakagoma kuzipokea, ni Hayes aliyewaendea. Akawaambia, kama wakili anayemalizia utetezi, kwamba mababu zao walioanza kupigania uhuru walikuwa na silaha mbovu kuliko hizo. Wakazichukua. Kati ya waliomsikiliza alikuwamo kijana wa miaka 18, William McKinley, naye baadaye rais!

Swali la kama alikistahili cheo lilijibiwa kwenye pigano la South Mountain, Septemba 14, 1862. Risasi ilimvunja mfupa wa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Akalala chini nyuma ya mstari wa watu wake, bado anatoa amri. Karibu naye alilala askari wa Kusini, majeruhi pia. Wakapiga soga, na Hayes akampa huyo adui salamu za kumfikishia mkewe Lucy, endapo yeye hatainuka.